Mwisho unajulikana, bei ni mia moja

Wanunuzi wa riwaya za mapenzi hawaulizi kama mwisho ni mzuri. Wanajua. Kabla ya kulipa hufungua karatasi ya mwisho kabisa, ile tupu inayobaki hadithi ikishakwisha, wakaitazama kwa makini, kisha ama wanakitia kitabu mkobani au wanakirudisha kwenye rundo. Mgeni akiwaona hudhani wanachungulia mwisho. Kumbe wanatafuta alama zao. Mmoja huchora nyota ndogo kwa penseli, mwingine huweka herufi M ndani ya duara, na kuna mama wa Makadara ambaye kila akimaliza kitabu huchora kitu kinachokaribia kuwa jani la mchicha. Vitabu hivi vinafanana mno, majina kwa majalada, kwa hiyo alama ndiyo inayomkumbusha mtu kwamba huyu daktari na huyu nesi alishapita nao. Nina nakala moja iliyorudi mezani mara nyingi hivi kwamba karatasi yake ya mwisho imejaa kama daftari la mahudhurio. Kuna wenye alama mbili mle ndani. Hao wamekisoma, wakakikumbuka, wakakichukua tena.

Nauza vitabu vya mitumba katikati ya jiji la Nairobi, kwenye uchochoro unaotokea Tom Mboya Street, kati ya fundi wa simu na mama anayeuza soksi. Mezani kuna kila kitu: Biblia, vitabu vya uhasibu vilivyopitwa na wakati, vya kujifunza Kifaransa. Lakini kodi yangu ya nyumba inalipwa na mauaji, mapenzi na mashetani. Bei ni mia moja. Ukirudisha kitabu kikiwa kizima, unaongeza hamsini na kuchukua kingine, na kwa sababu ya utaratibu huo mimi huona jambo ambalo wenye maduka makubwa hawalioni: kilichorudi, kilichorudi upesi, na kilichokataa kurudi. Vya mapenzi hurudi vinanukia mafuta ya nywele. Vya kijasusi huazimwa ofisi nzima na kupotelea huko. Na mke wa mchungaji mmoja hurudisha vyake vikiwa vimefunikwa kwa gazeti, naye huniomba nisiliondoe, maana atakayefuata huenda naye akalihitaji.

Meza hii ilikuwa ya mjomba wangu. Nilipomaliza kidato cha nne na karo ya chuo ikakosekana, aliniita nimsaidie, na amri yake ya kwanza ilikuwa nisimwambie mtu kitabu ni kizuri kama sijakisoma. "Ukimdanganya mara moja," alisema, "ile hamsini yake ya kubadilisha hutaiona tena." Nilikuwa nimetoka shuleni nikiamini kwamba kusoma riwaya ni kuwinda maudhui. Mjomba akanipa James Hadley Chase.

Wanairobi wa umri fulani hawahitaji kuelezwa Chase ni nani. Majalada ya vitabu vyake yalikuwa na wasichana waliovaa nusu, nami nilikuwa nikiyalaza kifudifudi kila mtu wa kanisani kwetu akipita. Bure tu. Ndani hakuna hata robo ya kile kilichoahidiwa nje. Kilichomo ni pesa. Kuna pesa mahali, kuna mtu asiye na pesa, kuna mpango usio na kasoro, na hujafika mbali kasoro imeshabisha hodi. Mwingereza huyo, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa René Raymond, alikuwa mtu wa biashara yetu. Aliuza ensaiklopidia za watoto nyumba kwa nyumba, kisha akafanya kazi kwa wauzaji wa vitabu wa jumla, na huko akaona jinsi watu walivyokuwa wakigombea hadithi za majambazi wa Marekani. Akatafuta ramani na kamusi ya lugha ya mitaani ya huko, akaandika. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1939, akaendelea mpaka zikakaribia 90, nyingi zikiwa ndani ya Marekani ambayo aliijua zaidi kwenye karatasi kuliko kwa miguu yake. Mjomba aliipenda sana habari hiyo. Alisema ndiyo sababu sisi wa huku tulimwelewa: naye alikuwa akiitazama Amerika kutoka mbali, kwa kudokezewa.

Kwa Chase nilipata kipimo ninachokitumia mpaka leo. Gunia jipya likifunguliwa, kitabu nisichokijua nakisoma nikiwa nimesimama, makanga wakipiga kelele, bila kutafuta utulivu wowote. Kama baada ya kurasa chache nimesahau kumrudishia mtu chenji yake, kitabu hicho kinakwenda mbele ya meza. Wateja wangu watakisoma Jogoo Road jioni, matatu imejaa, muziki ukiwagonga masikioni na mvua ikiwa imefunga njia. Kitabu kinachotaka chumba kimya hakina bahati humo. Sisemi hivyo ni vibaya, ninavyo kadhaa nyumbani. Nasema kumshika msomaji aliyechoka namna ile, mpaka akapitiliza steji yake, ni kazi ya fundi, na wengi wanaoibeza hawajawahi kuijaribu.

Aliyenifundisha hadithi za kutisha ni soja wa usiku anayelinda maduka ya vipuri vya magari Kirinyaga Road. Hupita kwangu akienda kazini, koti refu begani, tochi mfukoni, na hataki chochote isipokuwa mizuka, wanyonya damu na nyumba zenye chumba kimoja kisichofunguliwa. Nilikuwa namshangaa. Mtu anakaa peke yake gizani mpaka asubuhi, halafu anaongeza maiti inayotembea. Siku moja nikamuuliza.

"Mzee, wewe huogopi?"

"Kuogopa naogopa, mama," akasema. "Lakini nisiposoma naogopa mwizi, naogopa kufutwa kazi, naogopa karo ya Januari. Nikisoma naogopa kitu kimoja tu, tena nikifunga kitabu kinabaki humo humo."

Hata hivyo si mtu wa kuridhishwa kwa urahisi. Kuna kitabu alikirudisha kesho yake amekasirika, kwa sababu kufikia sura ya tatu watu walikuwa wamekwisha chinjwa chungu nzima. "Hata majina yao sijayashika," alilalamika. "Nimwogopee nani?" Nikampa Dracula ya Bram Stoker, kitabu cha 1897 kuhusu bwana mnyonya damu, huku nikidhani Kiingereza chake cha kale kitamshinda. Alikaa nacho kuliko kawaida yake. Alipokirudisha alitaka tuzungumzie jambo moja: yule bwana mwenyewe haonekani sana. Sura nne za mwanzo tuko naye kwenye ngome yake, lakini baada ya hapo ni kwa nadra. Kitabu kizima kinakwenda kwa barua, shajara, telegramu na vipande vya magazeti. Kila mhusika ana kijisehemu chake cha habari, na msomaji ndiye anayeviunganisha na kuiona hatari kabla wao hawajaiona. "Nilikuwa nawapigia kelele," mzee akaniambia. "Usiku wa manane, pale kwenye vipuri, nawaambia fungeni dirisha!"

Nilipomsikia hivyo nikakumbuka jini wa Mombasa. Nani hapa Nairobi hajasimuliwa? Dereva anampa lifti mwanamke mrembo aliyejitanda buibui, gari zima linanukia udi, halafu taa ya ndani inapowaka anaona kwato mahali pa miguu. Sijawahi kuisikia hadithi hiyo kutoka kwa dereva mwenyewe. Ni shemeji ya jirani, ni binamu wa fundi, lakini mtaa umetajwa, aina ya gari imetajwa, hata pampu ya mafuta alipojazia imetajwa. Ushahidi wa pembeni namna hiyo ndio unaosisimua mwili, na Stoker alilijua hilo, akakijaza kitabu chake mashahidi. Waandishi dhaifu wa kutisha hukimbilia kutuonyesha kwato. Wakishatuonyesha, hawana tena la kufanya ila kuongeza maiti.

Mapenzi nitakaa nayo zaidi, kwa kuwa ndiyo yanayotukanwa kuliko yote. Nina mteja, mwalimu, mtu mzuri tu wa riwaya za kijasusi, ambaye kila akipita huligusa rundo la Mills & Boon kwa ncha ya kidole na kuuliza, "Bado mnauza hii sumu?" Yeye amesoma jinsi jasusi yule yule alivyoponea chupuchupu katika kila mji wa Ulaya, na hilo haoni kama ni sumu. Siku moja nilimweleza kwamba kampuni hiyo ilianzishwa London mwaka wa 1908 na Gerald Mills na Charles Boon, na kwamba mwanzoni ilichapisha vitabu vya kila namna, hata vya Jack London. Ilikuja kuegemea mapenzi katika miaka ya 1930, enzi za maktaba za kukodisha vitabu, wasomaji walipokuwa wakitaka kipya kila mara. Habari ya Jack London ilimshtua. Habari ya sumu hakuibadilisha.

Lakini hebu mtu afikirie kazi yenyewe ilivyo. Mwandishi wa mauaji anaruhusiwa kutuficha muuaji. Wa kutisha anaruhusiwa kutuficha jini. Wa mapenzi hana cha kuficha: jalada limeshatuonyesha nani atamwoa nani, na karatasi ya nyuma imesema kwa nini walichukiana walipokutana. Anachobaki nacho ni sababu ya watu wawili wanaotakana kushindwa kulisema hilo, na sababu hiyo lazima ibebe kitabu kizima. Ikiwa nyepesi, kitabu kinarudi kesho yake asubuhi. Nimeona vingi ambamo taabu yote ni barua moja iliyopotea, na unajua kabisa kwamba wangekaa chini dakika tano mambo yangeisha. Sababu ikiwa nzito, kwa mfano deni la marehemu baba, au aibu ya zamani ambayo mmoja anaona haisameheki, hata mimi ninayejua mwisho huanza kuomba Mungu.

Malalamiko nayo ninayo. Wanaume wa humo ni matajiri kupita kiasi, huyu ana ranchi Australia, yule ana meli Ugiriki, na hakuna hata mmoja aliyewahi kung'ang'ania kiti cha matatu. Na katika zile za zamani kuna mabwana wanaomkamata msichana mkono bila kuulizwa wala kuuliza, halafu eti hayo ndiyo mapenzi. Hizo naziuza, lakini nazisema.

Mwenye dawa ya matajiri hao ni rafiki yangu msusi, ambaye saluni yake iko ghorofani juu ya uchochoro wetu. Yeye husoma kwenye gari akirudi Kayole, na kesho yake husimulia akisuka, kwa Kiswahili, kila kitu kikiwa kimehamishiwa Kenya. Mgiriki mwenye meli anakuwa mwenye malori Mombasa Road. Sydney inakuwa Eldoret. Mama yake bwana, yule bibi wa ukoo mkubwa mwenye lulu shingoni, anakuwa mama mkwe mwenye mashamba ya chai huko Kericho, na hapo saluni nzima inaguna, kwa sababu kila mmoja anamjua mama mkwe huyo.

Nilipanda huko alasiri moja biashara ikiwa imelala. Alikuwa ameanza kichwa cha msichana mmoja wa benki, nywele ndogondogo za kuchukua nusu siku. Hadithi alikuwa ameipimia kichwa. Alipokuwa kisogoni, bwana na bibi walikutana. Akapanda nao polepole, na alipofika utosini walikuwa hawaongeleshani.

"Wee! Sasa mama mkwe alijuaje?" msichana akageuka.

"Tulia kichwa, dada. Ukigeuka nitakuvuta."

"Lakini si barua ilikuwa kwa droo?"

"Droo ya nani?" msusi akauliza, na akanyamaza mpaka akamaliza mstari mzima, huku wengine wakingoja, hata yule aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha akiwa ametoa kichwa nje. Ndoa ilifungwa ncha za nywele zikichovywa kwenye maji moto. Nilimwona yule msichana akifuta macho, na haikuwa mvuke.

Baadaye nilikisoma kitabu chenyewe, nikaona alichoacha. Machweo yote ya bahari yalikuwa yametupwa. Nguo pia, isipokuwa ile moja iliyoraruka. Alichokihifadhi neno kwa neno ni ukurasa ambapo yule mwanaume mwenye kiburi anaugua homa, na msichana anayemchukia anamlisha supu bila kumtazama usoni. Nilimuuliza kwa nini machweo aliyaacha. "Machweo hayasuki nywele," akanijibu.

Kuna vitabu viwili ninavyojaribu kuviuza pamoja. My Life in Crime ya John Kiriamiti, iliyotoka 1984, haikai mezani. Wanaume huinunua, hasa wale wanaoijua River Road, husimama hapa na kuonyeshana kwa kidole ni kona gani. Mwaka wa 1989 Kiriamiti akatoa My Life with a Criminal, ambayo anayesimulia ni Milly, mpenzi wa jambazi yule yule, Jack Zollo. Hiyo wanaume huiweka chini, wanasema ni ya wanawake. Mambo ni yale yale, jiji ni lile lile. Kwa Jack ni mbio na risasi. Kwa Milly ni kuishi na mwanaume usiyejua kwa hakika pesa zake zinatoka wapi. Yule mwalimu wa sumu nilimlazimisha achukue vyote viwili kwa bei ya kimoja. Alirudi akasema cha pili kilimsumbua zaidi. Sikumwambia kwamba alikuwa amesoma riwaya ya mapenzi.

Kinachoniudhi ni jinsi riwaya pendwa za Kiswahili zilivyo adimu kwenye magunia yetu. Za Tanzania, kama zile za Willy Gamba alizoandika Elvis Musiba, nikizipata huchukuliwa siku hiyo hiyo na watu wa Pwani wanaofanya kazi hapa mjini. Wengine hata hawajui kuwa zipo. Watoto wengi wa Nairobi hukutana na riwaya ya Kiswahili darasani tu, pamoja na mwongozo wake, na husoma wakiwa wameshika kalamu ya kupigia mistari sifa za wahusika. Binti wa mama soksi, kidato cha pili, nilimpa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Nilimweleza kuwa ilishinda shindano la uandishi, ikachapishwa 1960 na shirika la vitabu lililokuwa na makao hapa hapa Nairobi, na kwamba humo kuna mpelelezi wa Unguja, Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum kando. Akaigeuza, akaniuliza:

"Anti, itatahiniwa?"

"Haitatahiniwa."

"Sasa nisome nitafute nini?"

"Nani ameua."

Aliichukua kwa wasiwasi. Siku chache baadaye mama yake alinilalamikia kwamba mtoto haoshi vyombo. Alipomaliza alikuja na hoja ambayo sikuitarajia, kwamba Bwana Msa ni kinyume cha vitabu vya soja: watu wamekwisha amua ni mzimu, kisha anakuja mtu na akili zake kuwauliza maswali mpaka mzimu unakosa pa kukaa. Alitaka kingine. Sikuwa nacho, na mpaka leo kila gunia likija huwa wa kwanza kuinama.

Mjomba, aliyestaafu kijijini, husema simu zitatumaliza. Kweli siku hizi hadithi zinakuja kwenye makundi ya WhatsApp, sehemu kwa sehemu. Za mwanzo ni bure, na pale mambo yanapochemka unaambiwa utume pesa kwa M-Pesa ndipo uendelee. Mimi sioni tofauti na hamsini yangu ya kubadilisha. Saluni wanafuata moja ya bibi harusi ambaye, akiwa mlangoni mwa kanisa, anatambua sauti ya mtu aliyemzika. Walichanga, wakalipa, mwandishi akatuma sehemu mbili kisha akanyamaza. Hapokei simu. Mabishano ni makali: kuna wanaosema marehemu hakufa, kuna wanaosema ni mzuka, na soja, ambaye alisikia habari hizo kwangu akazitaka zote, anasema ni ndugu pacha na kwamba sehemu ya nne ilishadokeza.

Msusi hakuweza kungoja. Alikuwa na kichwa kilichofika nusu na mteja anayetaka mwisho. Nilipopanda kumpelekea vitabu vyake, mama soksi alikuwa tayari ameketi kwenye benchi, soksi zote kaziacha kwa fundi wa simu, na mmoja wa waliolipa alikuwa akilalamika kwamba si haki kumalizia hadithi ya mtu.

"Mwandishi akirudi aje nimsuke bure, nimsimulie," msusi akasema, akitafuta chanuo. "Mimi nimeshawaoza. Na kichwa kingine kinaanza saa nane."